Ukuta wa Kushoto wa Ambulensi

Jumatano, saa 9:20 alasiri

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka resini, gundi ya kuundia faiba, mpaka macho yakawasha. Dona Marluce, kiongozi wao, hakukohoa hata mara moja. Alitandaza ramani juu ya mashua mbovu iliyopinduliwa na kuweka kidole.

"Ijumaa, saa saba mchana. Yule mzee tajiri wa mawe ya thamani anakula. Mpishi ni wetu, anamtilia dawa ya usingizi kwenye juisi ya mabibo. Mzee anadondoka, mpishi anapiga yowe, ambulensi inafika getini. Walinzi wa mji huu wa Natal wanaweza kumsimamisha hata padri. Ambulensi hawaisimamishi."

"Na mzee tunampeleka wapi?" aliuliza Tonho, dereva.

"Mzee anabaki na usingizi wake, pumbavu. Mawe ya buluu ndiyo yanalala kwenye machela."

Tonho alicheka. Jurandir, ambaye angevaa koti la nesi na kukaa nyuma, alicheka zaidi. Kaka yake, Genivaldo, hakucheka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiunda bodi za magari ya kupandia vilima vya mchanga, na mji mzima uliujua mkono wake. Ujambazi haukuwa wake. Aliingia kwa sababu Jurandir alikuwa ameshaingia, na aliona heri awe karibu na mdogo wake kuliko kuja kuitwa kumtambua mochwari.

Kazi yake ilikuwa kugeuza basi dogo kuukuu la Kombi liwe ambulensi. Paa alilikata kwenye mtelezo wa bwawa la kuogelea lililofungwa. Kuta zilitoka kwenye mashua mbili zilizovunjika. Bampa lilikuwa tangi la maji. Faiba ya kuokoteza, lakini ukiipiga msasa na kuiunga vizuri hakuna atakayejua ilikotoka.

"Jurandir! Umebania tena kigandishi?"

"Nikitia kingi resini inashika kabla sijamaliza kupaka, kaka."

"Na ukitia kidogo haikauki mpaka Krismasi. Nitakufundisha mpaka lini?"

Dona alisubiri Jurandir atoke. Kisha akasema, "Mlango wa nyuma usiuwekee kitasa kwa ndani."

"Kwa nini?"

"Machela isije ikaufungua njiani."

Machela haina mikono. Genivaldo aliitikia tu. Baada ya kazi gari lingechomwa kwenye mashamba ya miwa, hilo lilishasemwa. Faiba ikishika moto haisubiri mtu. Na nyuma hakukuwa na dirisha.

Alhamisi, saa 10:05 alasiri

Genivaldo alimpeleka Jurandir kula tapioka, chapati ya wanga wa muhogo, kwa mama muuzaji wa kona na akamwambia kila kitu kwa sauti ya chini.

"Ukuta wa kushoto, nyuma ya ule msalaba mwekundu uliochorwa nje. Nimeweka tabaka moja tu. Ukigonga unalia kama kibuyu kitupu. Wakikufungia, piga teke hapo hapo."

Jurandir aliacha kutafuna. "Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Ningemfanyia nani mwingine?"

"Asante, kaka," alisema, akiangalia sahani.

Ijumaa, saa 12:40 asubuhi

Mvua ilikuwa ikinyesha. Dona alimtuma Genivaldo ng'ambo ya mji kununua taa za paa. Jurandir alibaki kufagia.

Ijumaa, saa 6:30 mchana

"Mpango umebadilika kidogo," Dona alisema huku akivaa koti la daktari. "Mikono ya huyu mtoto inatetemeka. Genivaldo, wewe ndiye nesi. Jurandir atatusubiri kwenye miwa na gari la kukimbilia."

Kusema kweli, Genivaldo alifurahi. Kama kuna wa kufungiwa, bora awe yeye, anayeijua njia. Aliingia nyuma na kujibana kando ya machela.

Saa 7:12 mchana

Geti lilifunguka lenyewe. Mlinzi alipiga hata ishara ya msalaba.

Saa 7:21

Mzee alikuwa akikoroma chini ya meza, kitambaa cha kulia bado shingoni. Dona alisukuma machela, mawe yamefunikwa blanketi mpaka kidevuni, kama mgonjwa wa kweli. Mpishi alilia vizuri kupita kiasi. Hakuna risasi iliyopigwa.

Saa 7:58

Gari liliyumba juu ya udongo na kusimama. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, na Jurandir alikuwa hapo. Alivuta machela nje, mawe yote, bila kuinua macho.

"Kaa kidogo, kaka. Tuangalie barabara."

Akafunga.

Harufu ya petroli ikaingia. Nje, Dona aliongea bila haraka. "Polisi wakiona kazi hii watajua ni ya nani. Basi wamkute humu humu, waache kutafuta. Ulipaziba?"

"Nilipaziba, Dona."

Kiberiti kikakwaruzwa, moto ukashika bampa. Genivaldo aligonga nyuma ya msalaba. Hapakulia kama kibuyu. Palitoa sauti nzito, ya tabaka tatu, labda nne. Alijikuta amekaa sakafuni, akiliita jina la mama yao. Moto ulimuuma kidogo kuliko lile neno moja, nilipaziba.

Alinyoosha mkono ili ainuke, na kiganja kikanata ukutani.

Resini ilikuwa mbichi. Kigandishi kilibaniwa, kama kawaida, na unyevu wa mvua ya asubuhi uliizuia kabisa kukauka. Faiba iliyokauka haikatwi kwa kisu, lakini hii ilikuwa kama ngozi iliyolowa. Alichomoa kisu chake cha kazi na kukata, moshi ukimnyima pumzi, paa likidondosha matone ya moto kwenye bega lake. Akapiga teke. Akatoka na kipande chote mikononi, kimemnata vidoleni, akaanguka katikati ya miwa.

Gari la kukimbilia lilikuwa limeshaondoka. Kama Jurandir alibania kwa uzembe wake wa siku zote, au kwa kusudi, hapakuwa na wa kumuuliza.

Saa 8:30

Wakata miwa ndio walioita polisi. Sajenti alichuchumaa mbele yake, akagusa kile kipande, akavuta vidole kwa kinyaa.

"Wewe si Genivaldo? Bodi ya gari la shemeji yangu uliunda wewe, ina miaka kumi haina ufa." Alipangusa vidole kwenye suruali. "Hii takataka hata haijashika. Nani mwingine alikuwa na mkono humu? Niambie, kazi mbovu hivi si yako."

Genivaldo alikiangalia kipande. Tangu aanze kazi hakuwahi kumwachia mteja faiba inayonata.

"Ni yangu," alisema. "Nilifanya peke yangu."