Ndizi za Chanjo za Basile

Mwaka 1998, kila Jumamosi, Mariam Poni, msichana wa Ludara huko Koboko, Uganda, alimfunga mdogo wake Sule mgongoni, akaenda sokoni kununua chumvi na sabuni. Sule alikuwa na miezi tisa na mapafu ya kushinda honi ya lori. Alipodungwa sindano ya mwisho alilia hivi kwamba mbuzi wa Koboko nzima walisahau kula.

Jumamosi moja Mama alimpa Poni kadi ya kliniki pia. "Pitia kwa sista, Sule achanjwe surua."

Sokoni alimkuta Basile, muuza ndizi kutoka Kongo, redio sikioni.

"Weye Poni, hukusikia? Wataalamu wa Ulaya wanatia chanjo ndani ya ndizi! Wanabadilisha mugomba wenyewe. Mutoto anakula, basi. Sindano ya nini?"

"Na hizi zako, dawa iko?"

"Huoni vile zinang'aa? Iko!" Basile akacheka.

Poni hakujali kicheko. Alinunua mbili, akamlisha Sule mpaka mashavu yakajaa. Kisha akatoa kalamu ya shule, akaandika tarehe kwenye kadi, mahali pa surua, kwa mwandiko wa kulala kama wa sista. Mama hakujua kusoma.

Wiki tatu baadaye surua iliingia Ludara. Sule akashikwa na homa, kikohozi, macho mekundu, kisha vipele. Ile honi ikawa mluzi, halafu kimya. Poni alimpepea, akamfuta kwa maji, akampondea ndizi. Sule aligeuza uso.

Mama na Poni walipompeleka kliniki, Sista Candiru alisoma kadi. "Surua alichanjwa. Basi huu ni ugonjwa mwingine."

"Sista!" Poni aliwahi kusema. "Hakuchanjwa. Niliandika mimi. Nilimpa ndizi ya Basile."

Mama alimvuta Sule kifuani, akampa Poni mgongo. Afadhali kofi.

Sista alimdondoshea Sule vitamini kinywani, akamlaza wodini. Siku nne Poni hakuweza lolote ila kutazama kifua kile kikipanda na kushuka. Siku ya tano Sule alilia. Wodi nzima iliziba masikio. Poni alicheka na machozi.

Basile alikuja na kichane cha ndizi, kichwa chini. "Hizi ni ndizi tu," alisema kabla hajaulizwa.

"Redio haikudanganya," Sista alisema. "Wanajaribu, lakini bado hawajamaliza. Zikifika hapa, Basile, utaonja wa kwanza." Akamgeukia Poni. "Ukiogopa sindano, niambie, nitakusikia. Ukiandika uongo, unanifunga macho. Ndizi haikumdhuru Sule, mwanangu. Kilichomdhuru ni kalamu yako."

Akampa kadi. Poni akaipiga mstari ile tarehe kwa mkono wake.