Shahidi Ambaye Hajatafuna

Samiha alikuwa amekwisha kuingiza ndani ubao wake wa matangazo, ulioandikwa picha za pasipoti, kopi, video za harusi na misiba, wakati Joanitha aliposhuka kwenye bodaboda mbele ya duka. Jua lilikuwa linazama. Omurushaka yote ilinuka moshi wa mkaa na ndizi za kuchoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile video ya mzee. Uniwekee kwenye flashi."

Kazi ya dakika mbili. Samiha akamvutia kiti, akawasha kompyuta, na huku kompyuta inajivuta, Joanitha akaeleza kwa nini ameifuata jioni yote hiyo kutoka Chonyonyo. Kesho saa nane ukoo unakaa.

Habari yenyewe Samiha aliijua nusu. Katikati ya Ramadhani, Rwezaura, mume wa Joanitha, alipoona mwili unamkataa, alimwita Samiha amrekodi akitoa neno lake la mwisho mbele ya mashahidi: nyumba na kibanja, shamba lake la migomba, ni vya mke wake na mabinti zake watatu. Wiki tatu baadaye akafa, akazikwa humo humo migombani. Sasa Xaveri, mdogo wake, aliyekuwa ameketi hatua mbili kutoka kitandani, anasema hakusikia neno la namna hiyo. Mashahidi wengine wawili wa ukoo wameona upepo unakovuma, wamenyamaza. Amebaki bibi Kampire, jirani, na bibi Kampire ukimsalimia asubuhi anakuitikia jioni.

"Bila hiyo video naondoka na masufuria yangu," Joanitha alisema. "Na kaburi lake namwachia nani?"

Samiha akachomeka eksteno, ile diski ya nje anamohifadhi kazi zake. Folda ilikuwepo, imeandikwa kwa herufi kubwa: RWEZAURA CHONYONYO. Akaifungua.

Tupu.

Hapa inabidi tuseme ukweli kuhusu Samiha. Fundi ni fundi, lakini ana haraka. Siku ile alipohamisha video kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye eksteno, aliona mstari wa kijani umefika mwisho, akaridhika. Hakuifungua kuhakiki. Palepale akaifuta kadi, maana kesho yake alikuwa na kipaimara Nyakakika. Haraka haraka haina baraka, na methali hiyo ameibandika mwenyewe ukutani, juu ya mashine ya kopi.

Akaigeuza kompyuta kidogo, Joanitha asione kioo.

"Ipo, mama. Kompyuta tu imechoka. Nenda, kesho nitaileta mwenyewe."

Joanitha akamshika mikono yote miwili akamshukuru. Hilo lilimuuma Samiha kuliko kama angetukanwa.

Alipobaki peke yake alianza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Alibadilisha waya. Alibadilisha tundu. Aliihamishia eksteno kwenye kompyuta ya pili, ile ya wateja. Folda tupu. Akafikiri ni virusi, vipo vinavyoficha mafaili, akaamuru kompyuta imwonyeshe vyote vilivyofichwa. Hakukuwa na kitu. Akaikagua diski yenyewe, nayo ikajibu kwamba ni nzima.

Kilichomshangaza ni nafasi. Folda ilikuwa tupu, lakini nafasi yake kwenye diski ilikuwa imeliwa, gigabaiti kumi na moja, ukubwa uleule wa video. Ni sawa na kufungua chungu kitupu ukashindwa kukiinua. Kitu kilikuwemo. Kilikuwa hakitaki kuonekana.

Adhana ya magharibi ikatoka msikitini. Akaswali nyuma ya kaunta, kisha akawasha programu ya kufufua mafaili. Asilimia moja... mbili... tano...

Ilipofika arobaini, akasikia harufu.

Haikuwa ya mkaa wala ya ndizi. Ilikuwa kahawa. Si ya kunywa, bali ile ya kutafuna, iliyochemshwa pamoja na majani kisha ikakaushwa juani. Harufu hiyo aliijua, na alijua alikoinusa mara ya mwisho.

Katika ukoo wa Rwezaura, neno la anayeaga haliachwi hewani. Kila shahidi hupewa punje mbili za kahawa, hutafuna huku anamtazama msemaji, na tangu hapo neno hilo linakaa tumboni mwake. Siku ile kikapu cha kahawa kilizunguka chumba kizima, kikafika hadi kwa mpiga video. Samiha alikuwa amefunga. Akaeleza kwa adabu kwamba atatafuna jua likizama. Rwezaura alimtazama kwa muda mrefu, akakohoa kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, akasema, "Usisahau, binti yangu." Kahawa ikafungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba, naye akaitia mahali fulani. Wapi? Jioni ile alifuturu kwa uji na tambi, akalala.

Asilimia mia. Faili moja limepatikana, halina jina.

Akalibonyeza.

Chumba cha Chonyonyo kikajaa kioo. Kampire kwenye mkeka. Xaveri kwenye kigoda. Wale wawili wa ukoo mlangoni. Wote taya zao zinakwenda taratibu, wanatafuna, na wote wanatazama kitandani. Samiha alitaka kucheka kwa furaha. Kisha naye akakitazama kitanda.

Blanketi lilikuwa limekunjwa. Mto haukuwa na mtu.

Video haikuwa na sauti. Akaongeza. Hakuna. Akaongeza hadi mwisho, akasogeza sikio kwenye spika...

Kikohozi. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Halafu mnong'ono, karibu kabisa, wa mtu aliyeishiwa pumzi.

"Mmoja hajatafuna."

Samiha akauchomoa waya wa eksteno.

Picha haikusimama.

Ndani ya kioo taya ziliacha kwenda. Kampire akageuza shingo. Wale wawili wakageuza. Xaveri akageuza wa mwisho, kwa shida, kama anayegeuzwa. Hawakutazama tena kitanda. Walimtazama yeye.

Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Ayatul Kursi anayoijua tangu utotoni ilimtoka vipande vipande. Alirudi nyuma, mkono ukapiga kikoba cha kuhifadhia eksteno, kikaanguka, na kutoka ndani yake kikadondoka kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba.

Siku arobaini na zaidi kahawa ya Rwezaura ilikuwa imelala ubavuni mwa neno lake, haijatafunwa.

Alikifungua. Punje mbili. Zilikuwa na joto. Akasema bismillahi, akazitia mdomoni, akatafuna. Uchungu wake ulimpanda hadi masikioni, lakini alitafuna mpaka mwisho, akameza. Alipoinua macho kioo kilikuwa cheusi, na harufu imekwisha.

Akachomeka eksteno tena. Folda ikafunguka na faili likawemo, jina lake, tarehe yake ya Ramadhani, gigabaiti zake kumi na moja. Akalikopi kwenye flashi. Mstari wa kijani ukafika mwisho. Na kwa mara ya pili Samiha hakulifungua kuhakiki, ila safari hii haikuwa haraka. Ilikuwa hofu.

Kesho yake, saa nane, aliiweka kompyuta ya mkononi juu ya meza uani kwa Joanitha, mbele ya ukoo. Kaburi jipya lilionekana pale migombani. Samiha alikuwa amevaa ushungi wa kijani alioshonewa Idi. Joanitha aliketi chini na mabinti zake, mkubwa, Prudensia, amemshika bega.

Rwezaura alikuwepo kitandani. Amekonda, lakini sauti imesimama. Alisema nyumba na kibanja ni vya Joanitha na watoto wake, na asiwepo wa kuwaondoa. Akawataja mashahidi wote kwa majina.

Xaveri alianza kubisha kwamba siku hizi kompyuta zinatengeneza chochote. Hakumaliza. Alishika tumbo, akainama, jasho likamtoka. Alipopata pumzi sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nilikuwepo. Nilisikia. Kibanja ni chao."

Wale wawili wakaitikia upesi. Mwenyekiti wa ukoo akaandika, mashahidi wakatia dole gumba. Joanitha akajifunika uso kwa khanga akalia, na mabinti wakalia naye. Yamekwisha, Samiha alijiambia. Akanyoosha mkono azime.

Lakini video ilikuwa bado inaendelea. Picha iliondoka kitandani, ikawapitia mashahidi mmoja mmoja. Kampire anatafuna. Xaveri anatafuna. Wale wawili wanatafuna. Kisha kwenye kona, juu ya mkeka, mwanamke mwenye ushungi wa kijani. Anatafuna. Uchungu umemkunja uso.

Watu wakafurahi kwamba hata mpiga video yumo. Samiha akaugusa ushungi wake. Ushungi ule Ramadhani ulikuwa bado kitambaa dukani.

Bibi Kampire, ambaye hasikii, macho yake hayana kasoro. Akamsogelea sikioni.

"Siku ile wewe ulisimama na kamera," alinong'ona. "Hapa umekaa. Nani amekushikia kamera?"

Picha ikatikisika kidogo, kama mkono ulioishikilia umechoka. Na kutoka nyuma ya kamera, karibu kabisa, kikatoka kikohozi. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Joanitha, aliyekiuguza kikohozi kile miezi minne, hakutazama kompyuta. Alifuta machozi, akainuka alivyozoea kuinuka, akageukia mlango wa nyumba.

"Nakuletea maji, Baba Prudensia," alisema, akaingia ndani.