Maneno Mawili ya Zigo

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Chiriku alimpokea mdogo wake ili mama arudi kwenye cherehani. Jina la Chiriku alipewa na wenzake, nalo lilimkaa, kwa maana akianza kupiga soga hata njaa huisahau. Mdogo wake, mwenye miaka miwili na nusu, Chiriku mwenyewe alimbandika jina la Zigo kwa kuwa kumbeba kulimchosha. Marafiki walicheka mpaka wakashika mbavu, basi likabaki hilo hilo.

Mtoto aliponyooshea kijiko kidole na kusema "Eh?", Chiriku alimchapa kikofi mkononi. "Zigo, nyamaza," alimwambia, kisha akaendelea na umbea wake. Kumsemesha mtoto asiyejibu aliona ni kumaliza mate bure.

Majirani walianza kumwita mtoto bubu. Mwalimu wa chekechea naye akasema hapokei asiyeweza kuomba hata maji. Hofu ikamshika mama, wakaenda zahanati wote watatu.

Muuguzi alitikisa funguo nyuma ya kisogo cha mtoto, naye akageuka mara moja. Masikio yalikuwa mazima. Akamwonyesha kijiko, kikombe, kiatu. Kimya.

"Wewe unaitwa nani?"

Mtoto akatabasamu, maana hilo alilijua. "Zigo."

"Zigo nani?"

"Zigo nyamaza," akasema, akajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

Mama akamgeukia binti yake. Aibu ikamchoma Chiriku.

"Mtoto huokota maneno kwa anayeshinda naye," muuguzi alimwambia, wala hakulainisha sauti. "Wewe umempa mawili, naye ameyatunza yote mawili."

Akamwagiza amtajie mtoto kila anachoshika, kisha amsubiri ajibu, hata kwa kuguna.

Juma la kwanza lilikuwa mateso. Kila aliposemeshwa, mtoto aliziba mdomo. Alipoitwa kwa jina lake halisi, aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Chiriku alilia, lakini hakuacha: hiki kijiko, hii chai ya moto, haya tupulize. Mwezi wa tatu mtoto akaomba maji kwa kinywa chake, na mwalimu wa chekechea akamwandikisha.

Siku hiyo mama alimshonea mdoli wa vitambaa. Mtoto akampakata, akamtazama usoni, akamchapa kikofi.

"Zigo, nyamaza."

Chiriku akainamisha kichwa. Mama akasimamisha cherehani.

"Hayo ulimfundisha bila kujitahidi," alisema. "Mengine yote yanataka kazi. Haya mwanangu, keti naye, umfundishe la kumwambia mdoli."