Nilimwambia Dada Wino Hautoki

Nina miaka hamsini na moja, naishi Bariadi mjini, na kisa changu kinahusu printa. Ndiyo, printa! Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, maana hata mimi nilikuwa nacheka siku niliyoinunua.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, na Bariadi ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba. Wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ofisi yetu ilibaki na meza na buibui. Tukapunguzwa kazi. Nikarudi nyumbani na vidole vyangu vinavyojua kuchapa... vya kumchapia nani tena?

Miaka hiyo madukani vitu vilikuwa vinamiminika. Televisheni zilizotumika, kompyuta zilizotumika, kila kitu kilichokwisha kuchosha wengine kilikuja kwetu. Nikapata wazo la kununua printa ya rangi niiweke sebuleni, nitoe kadi za harusi na vyeti vya kipaimara, nikuze na picha za watu. Fedha yangu haikutosha. Dada yangu mkubwa, Kwandu, alikuwa mjane huko Sapiwi, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume anayeitwa Sitta. Aliuza mtamba wake akaniletea fedha ndani ya pindo la kanga. Nilipomwambia nitamrudishia, alisema hataki nimrudishie, anataka kuniona nina kazi.

Nikaenda Mwanza. Dukani zilikuwapo printa mbili. Moja ilikuwa kubwa, yenye sura mbaya, na kila rangi ilikuwa na chombo chake cha wino. Nyingine ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye kioo juu cha kunakilia, na bei yake ya chini ilinifanya nimeze mate. Muuzaji aliniuliza nitachapa mara ngapi kwa wiki. Nikamwona mbea! Sikumuuliza wino unauzwaje wala nitaupata wapi. Niliuliza bei ya mashine tu, nikabeba ile nyeupe.

Miezi ya kwanza nilivimba kichwa. Watu walikuja kushangaa tu. Halafu rangi zikaisha, na niliporudi Mwanza nikakuta katriji moja ya rangi inakaribia bei ya mashine nzima. Nilinunua huku moyo ukiniuma, nikaapa kwamba wino ule hautapotea bure. Nikaifanyia printa yangu kama tunavyofanyia vitu vya thamani. Nikaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, nikaipumzisha. Rangi niligusa mara moja kwa mwezi, au nisiguse kabisa.

Wasomaji wenzangu, mashine ile haitaki kupumzishwa! Wino hukauka kwenye vitundu vyake. Nilipoifunua msimu wa pamba, bwana harusi wa kadi alitoka na uso wa kijani wenye mistari. Nikalia kama mtoto.

Lamadi, karibu na yanaposimama mabasi, alikuwapo fundi anayezibua katriji na kuzijaza kwa bomba la sindano. Nikampelekea. Alijaza rangi kwa bei ya samaki wawili, nyeusi akaiacha kwa sababu ilikuwa bado nzima. Akaniambia waziwazi kwamba wino wake ni wa rangi nzuri lakini usikutane na maji kabisa. Aliniambia pia nichape ukurasa mmoja wa rangi kila wiki ili vitundu visizibe. La pili nililishika. La kwanza... nilijitia hamnazo.

Nilijua, jamani! Kadi moja ilidondokewa na chai mezani kwangu, maua yote yakageuka tope. Niliitupa kabla mwenye kadi hajafika, na kila mteja aliyeuliza nilimjibu kwamba wino wangu hautoki. Ningewaambia ukweli nani angerudi?

Kisha Sitta akafariki. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Homa ya siku nne tu... Alikuwa ndiyo kwanza anahangaika kutafuta kazi. Alipiga picha nne za paspoti kwa mpiga picha wa kutembea kwenye mnada wa Dutwa, tatu akaziambatanisha na barua za kuomba kazi, moja ikabaki. Hiyo moja ndiyo ilikuwa picha yake pekee duniani.

Dada alinikabidhi ile picha msibani, nikapanda basi kurudi Bariadi. Niliiweka kwenye kioo, nikabonyeza, na Sitta akatoka mkubwa, na kovu lake dogo juu ya nyusi ya kushoto, na shati lake la bluu. Sikuwahi kutoa picha nzuri kama ile. Niliwaza kutoa nyingine ya akiba. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe... nikakitoa. Nilikuwa naonea huruma wino!

Nilirudi Sapiwi nikamkuta dada amekaa mkekani. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Minza, hii haitatoka?"

"Haitoki, dada."

Mngemwona alivyoshusha pumzi. Nilitaka ajue kwamba mtamba wake hakupotea bure. Basi kwa ajili ya maneno yangu mawili, akasema ile ndogo Sitta aende nayo mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwake mpaka siku ya mwisho. Wakaiweka kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo nilikuwa nao. Jeneza likafungwa, tukazika.

Nilijipa moyo kwamba picha itakaa ukutani, chini ya bati zima, maji yatatoka wapi? Nilisahau kwamba dada yangu ni mtu msafi.

Miezi miwili baadaye alikuja kwangu asubuhi, amebeba karatasi ndani ya kanga. Nikamwamkia, "Mwangaluka, dada." Aliikunjua karatasi juu ya printa, juu ya kile kitambaa cha maua.

"Kulikuwa na vumbi," alisema. "Nikachukua kitambaa chenye maji. Nimempangusa mwanangu."

Uso haukuwapo. Pale penye uso palikuwa na doa la rangi ya chungwa lililoburutwa kwenda upande. Nywele zilibaki, na vifungo vya shati, kwa sababu nyeusi haikuwa ya Lamadi. Nilianguka magotini nikamwambia kila kitu, fundi, chai, wateja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana, na afadhali angenitukana!

"Kovu lake lilikuwa upande gani?" aliniuliza. "Naanza kuchanganya."

Nilimwambia kushoto. Alinitazama, nikaelewa kwamba hana tena sababu ya kuamini neno langu lolote, hata hilo. Akaikunja karatasi yake akaondoka.

Nilihangaika. Nilikwenda kwenye kinu cha kuchambulia pamba alikoomba kazi Sitta, wakaniambia barua za zamani zilikwisha kuchomwa. Mahali pengine pawili hawakumkumbuka kabisa. Mpiga picha wa mnadani alikuwa amehama, na hakuna aliyejua alikokwenda.

Nimezeeka na kazi hii. Sasa nina mashine kama ile kubwa niliyoidharau, na inanilisha. Nawasihi ninyi mnaotaka kununua, ulizeni bei ya wino kabla ya bei ya mashine. Msiifunike mkaisahau, ichapisheni kidogo kidogo kila wiki. Lakini hayo ni ya mashine, na mashine hutengenezwa. Ninalowaomba kwa machozi ni hili: mtu akikuuliza kama kazi yako itadumu, mwambie ukweli, hata kama ataondoka bila kununua. Hujui atazika nini kwa kukuamini.

Dada yangu yu hai. Harusini tukikutana ananipa mkono, basi. Wanaofika kwake wanasema karatasi ile ameirudisha ukutani, na ukuta wote anaufuta vumbi isipokuwa hapo. Hapo hagusi tena.