Ujumbe Alioufuta Baba Najat

Hafidha anashona sare za shule nyumbani kwake Sombetini. Ana mimba ya miezi saba. Mtoto wake wa kwanza, Najat, ana miaka minne. Siku hizi Hafidha akimaliza mshono mmoja, anapumzika. Akiinama kuokota mkasi, anapata kizunguzungu.

"Ni mimba tu," anamwambia mumewe, Twahir. "Majibu yangu yangekuwa mabaya, kliniki wangenitafuta."

Wiki mbili zilizopita alitolewa damu kliniki. Nesi alimwambia kuwa atatumiwa ujumbe, akamwomba namba ya simu. Hafidha ana simu yake ndogo ya kitochi. Lakini aliandikisha namba ya mumewe. Aliona baba wa nyumba ndiye wa kuandikwa.

Alhamisi asubuhi wakasikia hodi. Alikuwa Lydia, mhudumu wa afya wa mtaa, ameshika kishikwambi.

"Shikamoo, mama," alisema Hafidha.

"Marahaba, mwanangu. Mbona huji? Tumekutumia ujumbe mara tatu."

"Mimi? Sijaona hata mmoja!"

Twahir alikuwa anavaa viatu aende gereji. Akainua kichwa. "Ulisemaje huo ujumbe?"

Lydia akasoma kwenye kishikwambi: "Mteja 0417, fika kituoni ndani ya siku tatu. Jibu 1 kuthibitisha."

"Alaa, ule! Niliufuta. Na namba yenyewe nikaifungia. Nilijua ni matapeli. Mteja wa nini? Mimi sijanunua kitu!"

Lydia alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baba Najat, damu ya mkeo iko chini sana. Akitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, tunaweza kumpoteza."

Twahir akamaliza kuvaa viatu. Halafu akasema polepole, "Mama Najat, vaa baibui. Tunaenda sasa hivi."

Kliniki walimpima tena, wakampa vidonge vya kuongeza damu. "Kimoja kila siku," alisema nesi. "Usinywe pamoja na chai. Chai inazuia dawa isifanye kazi vizuri. Na ule maharage, mchicha na maini."

Walipotoka pamoja na Lydia, Twahir alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Kosa si lako peke yako, baba," Lydia alimwambia. "Ujumbe wetu hauna jina wala salamu. Waliotengeneza mfumo huu wanapita wiki hii kuwasikiliza akina mama. Hafidha, wewe ungependa tukupateje?"

Hafidha alifikiri. Hajawahi kuulizwa hivyo.

"Mnipigie mimi, kwenye simu yangu. Iwe saa moja asubuhi. Nikishaanza kushona, cherehani inapiga kelele, sisikii kitu. Na mniite Mama Najat. Mimi si mteja."

"Na majibu?"

"Nipewe mimi. Mume wangu nitamwambia mwenyewe."

"Sawa. Kwenye simu hatutataja majibu, tutakuita tu uje. Na hatutakuomba namba ya siri hata siku moja. Ukiwa na shaka, usifute. Njoo uulize."

Lydia aliandika yote. Akina mama wengine nao walisema yao. Mwezi uliofuata mfumo ukabadilishwa. Anayetaka ujumbe anatumiwa ujumbe, wenye jina lake na jina la nesi. Asiyeweza kusoma, au anayependa kupigiwa, anapigiwa.

Hafidha akawa anapigiwa saa moja asubuhi. Aliulizwa kama anameza vidonge, akakumbushwa tarehe ya kliniki. Twahir alileta maini kila Ijumaa, mpaka Najat akalalamika, "Baba, maini tena?"

Kizunguzungu kikaisha. Alipopimwa mwezi wa tisa wa mimba, damu ilikuwa imepanda vizuri. Akajifungulia hospitali, salama, mtoto wa kiume.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, simu iliita.

"Mama Najat, hapa ni nesi Nancy wa kliniki. Unaendeleaje? Mtoto ananyonya vizuri?"

Kabla Hafidha hajajibu, mtoto alipiga kelele hadi Twahir akakimbia kutoka uani.

"Basi, nimemsikia," nesi alisema huku akicheka. "Huyo hahitaji simu. Kata, umnyonyeshe."