Aziza na Sinema ya Kofia Nyeupe

Kila asubuhi Aziza aliwasha moto, akachemsha chai, kisha akamwamsha mdogo wake Kasimu kwa kumvuta shuka. Mama yao, Fatuma, alikuwa amekwisha kukaa barazani akichoma vitumbua vya kuuza. Baba yao, Sumaili, mara nyingi alikuwa safarini upande wa Kabambare kutafuta mchele. Watoto wale wawili walifagia uwanja, wakateka maji, kisha wakashika njia ya kwenda shule ya serikali pale Kasongo. Aziza alikuwa darasa la sita, Kasimu darasa la tatu.

Mwaka ule wa 1957, gari la sinema lilifika mjini. Lilizunguka mitaa yote likipiga kelele kwa kipaza sauti. Aliyesema ndani ya kipaza sauti alikuwa kijana mmoja aitwaye Raphaël. Kazi yake ilikuwa kueleza picha kwa Kiswahili, kwa maana watu wa katika picha walisema lugha ya kwao.

Jioni ile mji mzima ulikaa katika uwanja wa mpira. Wazungu walikaa vitini mbele, watu wengine chini nyuma yao. Kitambaa cheupe kilipopata mwanga, alitokea mtu mmoja mrefu, amepanda farasi, amevaa kofia nyeupe. Watoto hawakulishika jina lake la kigeni. Wakamwita Kofia Nyeupe.

Aziza alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Alipenda farasi wale walivyokimbia, vumbi likipanda kama moshi. Alipenda zaidi pale daraja liliposhika moto: Kofia Nyeupe alikuwa amekwisha kuvuka, lakini aligeuka na kurudi ndani ya moto kumtoa rafiki yake. Pale Aziza alimshika Kasimu mkono, machozi yakamtoka.

Lakini kulikuwa na kitu kingine. Maadui wa Kofia Nyeupe walikuwa watu wenye manyoya kichwani, wenyeji wa nchi ile. Walianguka mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewalilia. Raphaël alicheka tu ndani ya kipaza sauti: "Huyu amekwisha! Na huyu naye!" Watu wakapiga makofi. Aziza alipiga makofi pia, halafu mikono yake ikasimama yenyewe.

Tangu siku ile wavulana walikuwa na mchezo mmoja tu. Dominique, mtoto wa karani, alijitengenezea kofia ya karatasi ngumu. Alikuwa mkubwa kuliko wengine, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya nafasi yake.

"Kofia Nyeupe ni mimi," alisema. "Ninyi wote ni maadui. Mkisikia bastola, muanguke."

Kasimu, kwa kuwa alikuwa mdogo, alianguka kila siku.

Alasiri moja Aziza alisikia kilio, akatoka mbio. Aliwakuta wavulana wamemzunguka Kasimu karibu na ghala la pamba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika.

"Ameanguka mperani," alisema Dominique upesi. Wengine waliitikia kwa vichwa.

Mama Fatuma alimpeleka Kasimu dispansari. Munganga aliufunga ule mkono, akauliza, "Ulifanya nini?"

"Nilianguka mperani," Kasimu alijibu, macho chini. Munganga aliamini, naye hakutazama mahali pengine.

Siku zilipita, na Kasimu hakukubali mtu amvue shati. Badala ya kupata nafuu, Kasimu aliacha kula. Asubuhi moja mama yao alikuwa ametoka mapema kwenda Lusangi kwenye matanga ya jamaa, na Aziza alibaki kumwosha mdogo wake. Alipomvua shati alishtuka. Chini ya kwapa, mbavuni, palikuwa na jeraha refu, limevimba, linatoa usaha. Mwili wote ulikuwa moto.

"Kasimu! Mpera gani unakata mtu namna hii?"

Kasimu alianza kulia. "Si mpera, dada. Tulikuwa juu ya kamio la zamani, lile lori lililoharibika nyuma ya ghala la pamba. Dominique alisema adui lazima aanguke. Akanisukuma. Chuma cha kamio kikanikata. Usiseme! Tulikula kiapo. Kofia Nyeupe alipigwa, naye hakulia."

"Kofia Nyeupe yuko katika kitambaa," alisema Aziza. "Wewe uko hapa na homa. Nitasema."

Alimlaza juu ya mkeka, akamwomba jirani amwangalie, akakimbilia shule kumtafuta Mwalimu Hippolyte. Kwa hofu alikuwa amesahau kwamba siku ile kulikuwa na wageni. Mbele ya darasa alikaa Bwana Ajenti, Mzungu wa ofisi ya serikali aliyeleta sinema. Kando yake alikaa Raphaël. Walikuja kusikia wanafunzi walivyoipenda picha, maana Jumamosi, siku ya posho, ingeonyeshwa nyingine.

"Aziza, umechelewa," alisema Mwalimu kwa wasiwasi. "Haya, simama usome yale maneno."

Maneno yale Mwalimu mwenyewe alikuwa ameyatunga, Aziza akayashika kwa moyo. Yalikuwa sifa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Aziza alisimama mbele ya wote, kifua kikipanda na kushuka kwa mbio alizopiga.

"Mwalimu, siwezi kuyasema yale. Nitasema niliyoyaona." Akamgeukia Bwana Ajenti. "Sinema ile ina uzuri. Farasi ni wazuri, na yule mtu ni hodari. Alirudi ndani ya moto kwa ajili ya rafiki yake, na mimi nililia. Lakini ina ubaya pia. Mtu mmoja tu ndiye mtu. Wengine wote wamewekwa ili waanguke. Kofia Nyeupe anaanguka kutoka juu ya nyumba, anasimama, anacheka. Hiyo si kweli. Ndugu yangu aliangushwa kutoka juu ya kamio katika mchezo huo, na sasa anaungua kwa homa. Tena wale wenye manyoya, nchi ile ilikuwa yao. Kwa nini sisi tuliwapigia makofi waliowaua?"

Uso wa Bwana Ajenti ulikuwa mwekundu.

"Nani alimufundisha mutoto huyu maneno haya?"

"Hakuna, Bwana. Niliona sinema kama wengine."

"Aombe samahani sasa hivi. Kama hapana, watoto wa masomo haya hawataingia sinema siku ya posho. Hata mumoja!"

Minong'ono ilienea kila upande. "Omba, Aziza! Neno moja tu!" Msichana wa dawati la mbele alimvuta sketi. Hata rafiki zake walimtazama kwa hasira.

Aziza alikaza sauti. "Kama nimesema uongo, nitaomba samahani. Neno gani hapo lilikuwa uongo?"

Kisha, kule nyuma, dawati liligongwa. Dominique alikuwa amesimama.

"Hakusema uongo," alisema. "Mimi nilimsukuma Kasimu. Mpera ni maneno yangu."

Bwana Ajenti aligonga meza. "Mwalimu! Watoto hawa wapewe azabu!"

Mwalimu Hippolyte alisogea mezani. Wote walijua kwamba kwa neno moja la yule Mzungu angeweza kupoteza kazi yake. Alichukua ufunguo wa baiskeli.

"Bwana, kuna mtoto mgonjwa," alisema taratibu. "Nakwenda kumchukua. Mengine utanikuta hapa."

Alitoka bila kungoja ruhusa. Aziza na Dominique walimfuata mbio. Walimweka Kasimu kwenye baiskeli, Mwalimu akaisukuma, Aziza akamshika mgongo, Dominique akaushika ule mkono uliofungwa ili usitikisike. Pale dispansari munganga alifungua jeraha, akalisafisha, akampiga sindano. Kasimu alilia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemkataza.

"Ningeambiwa kweli tangu mwanzo, jeraha hili lisingefika hapa," munganga alisema. "Na mngechelewa tena, ningekuwa na habari nyingine ya kumpa mama yenu."

Mlangoni walimkuta Raphaël, amewafuata kwa miguu. Alikaa kizingitini kando ya Dominique.

"Ndugu yangu, nikuambie jambo. Yule mwenye kofia haruki mwenyewe. Wakati wa hatari mtu mwingine anavaa nguo zake, anaruka badala yake, na chini wametandika magodoro. Mimi nilijua. Sikuwaambia watu kwa sababu nilipenda kelele zenu."

Dominique aliinama, akaingia ndani kumwomba Kasimu samahani.

Jumamosi wanafunzi walifukuzwa mlangoni pa uwanja kama Bwana Ajenti alivyosema. Wengine walimnunia Aziza na kurudi nyumbani. Lakini wengi walikwenda kwa kina Aziza kumwona Kasimu, aliyekuwa amekaa barazani akila wali kwa mara ya kwanza tangu homa ile. Mlio wa kipaza sauti ulisikika kutoka mbali. Mwalimu Hippolyte naye alikuja. Ofisini alikuwa amegombezwa vikali, na mshahara wake haukuongezwa mwaka ule.

"Mwalimu, ungaliniambia tu niombe samahani," alisema Aziza kwa huzuni.

"Ili nikufundishe nini?" Mwalimu alijibu. Aliwageukia wote. "Sikilizeni, wanangu. Mimi niliogopa, nikamtungia Aziza sifa tupu. Msifanye kama mimi. Kitu mnachokipenda, semeni uzuri wake bila wivu, na ubaya wake bila woga. Na mtu akiwaapisha mfiche jambo linalomuumiza mwenzenu, kivunjeni kiapo hicho siku ile ile. Mkubwa akikasirika, mwacheni akasirike. Hasira yake itapoa. Mtoto akifa, harudi."

Mama Fatuma alileta sinia ya vitumbua, akaiweka katikati yao. Cha kwanza akampa Aziza.