Matanga ya Mama Zamoyoni

Vitanda-tajriba vilifanya kazi kimya kimya. Katika ghorofa ya tisa ya Kitivo cha Uuguzi, jijini Njombe, zilisikika pumzi za vijana waliolala na mvumo mdogo wa mashine, kama wa jokofu la nyumba ya jirani. Kila mwanafunzi alikuwa amevikwa kofia laini yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kupitia nyuzi hizo kitanda kilimpeleka katika mafunzo kwa vitendo: miezi minne ya zamu, wagonjwa, makosa na kukaripiwa, yote ndani ya siku tatu za usingizi. Mtu alilala Ijumaa hajui kumpokea mtoto anayezaliwa, akaamka Jumatatu mikono yake inajua.

Zamani, wanasimulia, mwanafunzi alizunguka na barua hospitali hadi hospitali akiomba nafasi, akajibiwa njoo wiki ijayo. Waliobahatika waliishia kutumwa vitumbua na chai. Vitanda vilikomesha udhia huo. Chuo kilipanga nafasi za wanafunzi wote kabla chai ya saa nne haijapoa, na hakuna aliyekosa.

Leokadia Mgaya, mwanafunzi wa ukunga wa mwaka wa nne, aliamka analia. Hakuwa analia kama mtu aliyeota vibaya. Alilia kama mtu aliyetoka kumfumba marehemu macho kwa vidole vyake mwenyewe.

Bi Tusajigwe, mratibu wa mafunzo, alimvua kofia, akampa kikombe cha uji wa ulezi, akaanza maswali yake ya kila siku.

"Jina lako?"

"Leokadia."

"Ulikuwa wapi?"

"Kituo cha Afya Mtoni Juu. Wodi ya wazazi."

"Na msimamizi wako?"

Leokadia alijifunika uso kwa shuka.

"Mama Zamoyoni," Tusajigwe akamsaidia. "Umefaulu, mwanangu. Kunywa uji. Hicho tunakiita kilio cha kuamka. Kesho kitakuwa kimekwisha."

Kesho yake hakikwisha, na wiki iliyofuata kikazidi.

Isidhaniwe kwamba binti huyu alikuwa mjinga. Alijua fika kwamba hakuna kituo kiitwacho Mtoni Juu, na kwamba Mama Zamoyoni hakuzaliwa na mwanamke. Wahandisi walimtunga awe msimamizi wa wanafunzi wote. Wakampa kicheko cha kukohoa, kisukari, na mazoea ya kufunga kanga juu ya sare. Kifo chake nacho walikitunga. Miaka ya mwanzo wahitimu wa vitanda walikuwa hodari wa kuzalisha, lakini walimkimbia mgonjwa anayekata roho, ndipo wahandisi wakaamua kwamba katika wiki ya mwisho msimamizi augue, mwanafunzi amuuguze, na afie mikononi mwake. Mafunzo yakakamilika. Wakapongezana.

Leokadia aliyajua yote hayo, na hayakumfaa kitu. Kumbukumbu ya mtu aliyetungwa haina alama ya kuitofautisha na nyingine. Alimkumbuka Mama Zamoyoni kwa harufu na kwa uzito, tena kuliko alivyomkumbuka mama yake mzazi, ambaye alimwacha mchanga. Alilelewa kwa baba yake mdogo, nyumba ya watu wema wasiomnyima chakula wala kumpiga, lakini hakuna aliyewahi kumtazama akifanya jambo hadi mwisho. Mama Zamoyoni alimtazama. Jioni moja, baada ya uzazi mgumu wa mapacha, alimshika viganja vyote viwili na kumwambia, "Siku nikiugua mimi, nataka niwekewe mikono hii. Mingine sitaki."

Neno hilo ndilo alilotoka nalo usingizini. Ndilo lililomfanya aamini kwamba ataweza kazi.

Wazo la matanga lilikuwa la Atuganile, mwenzake wa bwenini. "Mama tumemzika kila mtu peke yake kichwani," alisema. "Hivi ndivyo watu wanavyozika?" Basi Jumamosi baada ya chakula cha mchana wakatundika turubai nyuma ya bweni la wasichana, wakatandika mikeka, wakajifunga kanga viunoni. Walifika wanafunzi wote waliolala muhula ule. Roboti mfagiaji alizunguka turubai mara mbili tatu, asijue afagie wapi. Mhadhiri mmoja alipita akacheka, akasema hajapata kuona msiba usio na maiti wala kaburi. Ni kweli, hata picha ya marehemu hawakuwa nayo, kwa kuwa hakuna kamera iliyowahi kumwona. Lakini waliketi kwa adabu zote, na aliyelia alishikwa na mwenzake.

Ukafika wakati wa kumwelezea marehemu. Wa kwanza kusimama alikuwa Erasto.

Erasto alijulikana. Ndiye aliyemwangusha mtoto wa plastiki darasani mara tatu, akamwokota kwa mguu mmoja kama kuku wa sokoni. Wenzake walimpenda, lakini hakuna aliyetaka amzalishe ndugu yake. Siku hiyo alisimama, machozi yakimchuruzika hadi shingoni.

"Mimi nina neno moja tu," alisema. "Mama aliniambia, siku nikiugua mimi, nataka niwekewe mikono hii. Mingine sitaki."

Leokadia alihisi ameibiwa. Hasira ilimpanda, akataka kusimama amwambie Erasto aache uongo mbele ya watu. Alipogeuka kumtafuta wa kumuunga mkono, aliona vichwa vinainama, kimoja baada ya kingine, mkeka mzima. Atuganile alikuwa ameziba uso kwa kanga. Waliokuwa wamejiandaa kuzungumza walibaki wameketi, kila mtu na neno lake ambalo sasa lilikuwa la wote. Baada ya muda walikunja mikeka bila kutazamana.

Jumatatu Leokadia alikwenda ofisini kwa Tusajigwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti."

Hakuketi. "Alituambia wote?"

Tusajigwe hakujifanya haelewi. "Wote. Sentensi ile ilipimwa, mwanangu. Mwanafunzi akiambiwa hivyo, mkono wake hautetemeki. Imeokoa watoto wengi."

"Hata Erasto?"

"Hata Erasto."

"Kwa hiyo hakuniona."

"Kitanda kilipima kila kitu ulichokifanya. Una alama za juu, na hakimwachii mtu mpaka ajue."

"Sikuulizi kama najua," Leokadia alisema. "Nauliza kama kuna mtu aliyenitazama akaniona nafaa. Nilidhani yupo. Nimefiwa naye, halafu nikaambiwa hata alipokuwa hai hakuwa ananitazama mimi."

Tusajigwe alisogeza makaratasi yasiyohitaji kusogezwa. Alikuwa ameamsha mamia ya watoto wa watu katika chumba kile, akawapa uji, akawaambia kilio kitakwisha. Aliona haya, na haya hiyo ilimuuma.

"Unataka nini, Leokadia?"

"Nitafutie msimamizi aliye hai."

Kanuni iliruhusu, ila ilikuwa imesahaulika. Mwanafunzi, hata akiwa ameshafaulu, angeweza kuyakataa mafunzo ya kitanda na kuomba ya hospitalini, mradi akubali mahafali yampite mwaka mzima. Baba yake mdogo alipopigiwa simu alisema mwaka mzima ni mwingi, lakini kama ameamua, sawa. Hakuuliza sababu.

Tusajigwe alipiga simu hospitali hadi hospitali, kama barua za zamani. Moja ilisema haina pa kumweka, nyingine ilidhani ni utani. Wakunga wengi waliopokea simu walikuwa wenyewe wametoka vitandani, na hawakujua hata mwanafunzi anasimamiwaje. Mwishowe akampata Mama Skolastika, mkunga wa hospitali ya wilaya aliyekaribia kustaafu.

"Ana mikono?" Mama Skolastika aliuliza.

"Anayo."

"Aje nayo. Maneno ayaache hukohuko chuoni."

Leokadia alipofika, Mama Skolastika hakumpokea kwa tabasamu. Alimwonyesha pa kunawia, akamwonyesha mkanda-sikizi unaofungwa tumboni ili kusoma moyo wa mtoto, akasimama pembeni, mikono kifuani. Asubuhi ileile aliletwa binti mdogo, uzazi wa kwanza, akilia kwa uchungu. Leokadia alijikaza kisabuni. Kila alichokijua kilikuwepo mikononi, kama walivyoahidi wahandisi, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mgonjwa atamng'ata mkono, wala kwamba sakafu itateleza, wala kwamba mtu anayemwangalia nyuma yake atakaa kimya saa zote hizo. Mara mbili aligeuka. Mama Skolastika alikuwa anatazama tu, hapepesi macho, uso wake hausomeki.

Mtoto alizaliwa, akalia. Mama yake akacheka na kulia pamoja. Leokadia alinawa, akamaliza usafi, akapanga vifaa, akavipanga tena. Mwisho alishindwa kuvumilia.

"Mama, mikono yangu inafaa?"

Mama Skolastika alimtazama, kisha akaitazama ile mikono, bila haraka.

"Sijui bado," alisema. "Njoo kesho."

Leokadia alitoka nje, akaketi kwenye benchi wanaposubiri ndugu wa wagonjwa, katikati ya vikapu na chupa za chai. Jibu lilikuwa la haki. Ndilo alilolifuata, na kwa ajili yake alikuwa ameacha mwaka wake. Lakini lilimwonyesha wazi kabisa alichokipoteza, kwa kuwa Mama Zamoyoni hakumwambia hata siku moja kwamba hajui bado. Leokadia alimlilia hapo, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa sauti.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akimsubiri mkwewe, alisogeza kikapu chake.

"Umefiwa, mwanangu?"

Leokadia aliitikia kwa kichwa.

"Na nani wako?"

Alitafuta neno. Alifikiria kusema mama, kisha kusema mwalimu, na yote mawili akayaacha, kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli na hayakuwa.

Yule mama hakungoja jibu. Alimfunika mabega kwa upande wa kitenge chake, akasema, "Pole. Pole sana," akammiminia chai.